Bwana Imekubali

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia mlinzi wa getini mpaka meneja, kwao alikuwa Bwana Imekubali, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Kila programu ya takwimu ilipomaliza kazi kwenye kompyuta yake bila kutoa yale maandishi mekundu ya makosa, alipiga meza kwa kiganja na kutangaza, "Imekubali!" Sauti ilivuka ukuta wa mbao, ikaingia maabara, ikawafikia hata waosha madumu huko nje.

"Siku msichana atakapokukubali," akina mama wa maabara walimtania, "si utaivunja hiyo meza?"

Naye alicheka, maana alikuwa mwepesi wa kucheka. Ofisi yake ilipakana na chumba cha baridi cha kuhifadhia maziwa, ukuta mmoja ukitoka jasho mwaka mzima, na yeye akivaa sweta hata jua lilipokuwa linachoma mabati. Lakini ilikuwa ofisi, na mlangoni paliandikwa "Mtakwimu". Mama mdogo wake alipokiona kile kibao kwa mara ya kwanza alikigusa kwa kidole, akakitazama tena. Yeye ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, akamsomesha kwa maziwa ya ng'ombe wake, na mpaka leo alikuwa akileta maziwa kiwandani hapohapo. Wenzake wakilalamika foleni ni ndefu, aliwaambia, "Tulieni, mwanangu yumo humo ndani anapiga hesabu zenu."

Basi kiwanda kikaingiwa na balaa la maji. Watu walikuwa wanaongeza maji kwenye maziwa, si wote, lakini wa kutosha kumkosesha meneja usingizi. Kipimo cha uhakika kilikuwa cha taratibu na ghali, hakiwezi kutumika kwa kila dumu. Meneja akamwita Bwana Imekubali, akamwambia, "Nitengenezee kanuni. Tukipima mafuta, protini, sukari na uzito, kompyuta ituambie haya ni safi, haya yana maji. Papo hapo."

Maabara wakamwandalia makundi mawili: maziwa safi yaliyokamuliwa mbele ya macho yao, na mengine waliyoyatia maji wenyewe kwa makusudi. Kazi ikaanza. Sasa, kabla ya kutengeneza kanuni ya namna hiyo kuna jambo la kuulizwa kwanza, nalo ni kuhusu matriksi za kovariansi. Jina linatisha kuliko kitu chenyewe. Ni jedwali dogo tu linaloeleza jinsi vipimo vinavyotembea pamoja: mafuta yakipanda, protini inayafuata au inabaki? Uzito ukishuka, sukari nayo inashuka? Kila kundi lina jedwali lake. Majedwali mawili yakifanana, unayaunganisha yawe moja na kanuni inakuwa nyepesi. Yasipofanana, kila kundi linabaki na lake, na kanuni inakuwa nyingine kabisa. Kuyaunganisha yasiyofanana ni kuwapimia watu wawili suruali moja.

Swali hilo huulizwa kwa jaribio la kitakwimu liitwalo jaribio la Box. Akaandika mstari wa amri, akabonyeza. Jibu likaja: thamani ya p, ile namba ya kuamulia, sifuri nukta sifuri sifuri sifuri.

Chuo kilikuwa kimemwambukiza ugonjwa mmoja. Huko kila jaribio alilofanya lilikuwa la kuwinda tofauti, dawa hii na ile, mbegu hii na ile, na p ikiwa ndogo mwindaji amepata nyama. Alizoea kuziona sifuri na kufurahi. Jaribio la Box lenyewe limegeuka: linaanza kwa kudhani majedwali yanafanana, na p ikiwa ndogo linakuambia hapana, acha, hayafanani. Zile sifuri zilikuwa zinamkemea. Yeye akaziona, akapiga meza.

"Imekubali!"

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. "Imekubali? Yaani yanafanana, tuunganishe?"

"Imekubali, mzee."

Neno lenyewe nalo lina makosa yake, tusimwonee peke yake. Mtu akisema imekubali hujui kilichokubali ni mashine, ni dhana, au ni moyo wake yeye uliokwisha kukubali kabla hajasoma. Lakini neno halikwenda chuo. Yeye alikwenda.

Kanuni ikafungwa kwenye kompyuta ya getini, na mwanzoni ilikuwa sherehe. Wezi wa maji walikamatwa kweli. Jamaa mmoja aliyekuwa akijifanya mcha Mungu alikimbia akaliacha dumu lake. Bwana Imekubali akawa mtu wa kusalimiwa kwa mikono miwili. Kisha asubuhi moja mpokea maziwa, mwenye sauti ya kuitia mbuzi mlima wa pili, akaita, "Mtakwimu! Njoo getini! Mama huyu hataki kuondoka!"

Alikuwa mama mdogo. Kompyuta ilikuwa imesema: maji. Foleni nzima ilikuwa imenyamaza, na foleni ikinyamaza ujue inakula kwa macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu waambie." Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alishika mfuniko wa dumu kama mtu anayengoja kukaribishwa. "Waambie hawa, mimi nitie maji?"

Akapima mwenyewe. Mafuta machache. Akapima tena. Kompyuta ikarudia neno lake. Alijua ng'ombe wa mama mdogo walikuwa wa kutoa maziwa mengi na mepesi. Alikua akiyanywa hayo. Alijua, akakikanyaga alichokijua, kwa sababu foleni ilikuwa inamtazama yeye sasa, na aliogopa kuambiwa anapendelea jamaa yake.

"Mama mdogo," akasema, kwa sauti ya kuwafikia wa nyuma, "mashine haina ndugu."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Hapo sawa!" Mama mdogo aliufunga mfuniko, akaukaza, akauangalia kama umekaza, akaliinua dumu na kwenda zake. Hakurudi tena kiwandani, na yeye hakwenda kumwona. Alijiambia ni hasira za wazee, zitapoa. Ukweli ni kwamba aliogopa yale macho, na woga ukivaa nguo za shughuli nyingi huwezi kuutambua.

Kilichomfumbua macho si mtu, ni kazi ya kuandika. Meneja alitaka maelezo ya kanuni kwa Kiswahili cha kueleweka, asomewe kila anayeleta maziwa. Akaketi na sweta lake, akaanza vizuri. "Jaribio hili huanza kwa kudhani kwamba majedwali ya makundi mawili yanafanana. Thamani ya p ikiwa ndogo sana, dhana hiyo..." Mkono ukasita. Kwa lugha ya vitabuni alikuwa amelikariri neno na kulipita mbio, miaka yote. Kwa lugha aliyonyonya, sentensi ilikataa kudanganya. Dhana hiyo inakataliwa.

Kwanza akatafuta pa kujificha: jaribio la Box linajulikana kwa kununa bure, vipimo vikiwa vingi linalalamikia hata tofauti ndogo. Labda lilinuna tu. Akayafungua majedwali yenyewe, akayaweka kando kwa kando, na hapo halikuhitajika jaribio lolote. Kwenye maziwa safi mafuta yalikuwa yanazurura peke yake, mengi kwa ng'ombe huyu, machache kwa yule, protini haina habari. Kwenye maziwa yenye maji vyote vilishuka pamoja, vimeshikana mikono. Ndiyo desturi ya maji, hayachagui. Akatengeneza kanuni upya, kila kundi na jedwali lake. Akaingiza vipimo vya mama mdogo vya asubuhi ile.

Safi.

Hakupiga meza. Alikaa akilitazama neno lile mpaka kioo cha kompyuta kikajizima, akauona uso wake mwenyewe humo, akageuza shingo.

Meneja aliposikia aliufunga mlango. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe, mzee."

"Basi badilisha kanuni, tunyamaze. Wachache waliokataliwa watarudi, watapokelewa, yamekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki."

Akaitikia. Kilichomuuma baadaye kuliko vyote ni jinsi alivyoitikia upesi, na jinsi kifua kilivyopata nafasi. Alitoka pale akiwa karibu kupiga mluzi. Ilipofika siku ya mapumziko ndipo nafuu ile ilipomgeuka, akashindwa kula, akavaa viatu na kwenda kwa mama mdogo.

Alimkuta bandani anakamua mwenyewe, jambo ambalo magoti yake yalikwisha kulikataa zamani. Kazi hiyo ilikuwa ya mkaza mwana wake, mke wa mwanawe, ndugu yake Bwana Imekubali. Ndugu huyo alifanya kazi mbali na alikuja nyumbani kwa nadra. Mke alibaki na mkwewe, na wawili hao walikuwa wakiishi kama mtu na mwanawe wa kumzaa.

"Shikamoo, mama. Shemeji yuko wapi?"

"Marahaba. Ameenda kwao." Mama mdogo hakuinua kichwa. "Karibu. Ulikuwa sahihi, baba, na mimi nilikuwa sijui. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Sahihi kwa lipi?"

"Si maji? Mimi sikutia. Anayekamua ni yeye. Na mashine umeitengeneza wewe, wewe huwezi kunisingizia. Nilimuuliza, akalia. Nikasema machozi ya mwizi. Alisimama hapohapo uliposimama, anaapa, na mimi nikamwambia afunge mizigo yake." Akayasogeza maziwa kando. "Nilikuonea haya, mwanangu. Kukuletea maziwa ya wizi mahali pako pa kazi, mbele ya watu wako."

Bwana Imekubali alikuwa amejiandaa kwa hasira zake. Alikuwa amejiandaa hata kwa kofi. Hakujiandaa kuaminiwa. Akachuchumaa penye samadi, na suruali yake nzuri, akamweleza: si mashine, ni yeye, alisoma jibu kinyume, maziwa yalikuwa safi tangu siku ile, shemeji hakutia hata tone. Alieleza vibaya, akirukaruka, akirudia.

Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja tu. "Unajua tangu lini?"

"Wiki hii."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, mama."

Alinawa mikono. "Nyanyuka. Twende kwao. Utasema wewe, kwa mdomo wako."

Nyumba ya wazazi wa shemeji ilikuwa ya vyumba viwili, sebule imejaa viti kuliko nafasi. Waliketishwa. Baba wa nyumba hakuwatazama, mama wa nyumba aliwatazama mno. Shemeji akaja, akasimama karibu na pazia, amekonda. Bwana Imekubali akasema yote. Safari hii hakurukaruka. Alisema nilikosea, alisema nilijua nikanyamaza, alisema laana iwe yangu peke yangu, mama mdogo hana hatia, alidanganywa na mimi. Alipomaliza alijisikia ametua mzigo, akainua macho akitaraji kutukanwa, na alitaka kutukanwa.

Shemeji hakuwa anamtazama yeye, alikuwa anamtazama mama mdogo.

"Nimekusikia, shemeji," alisema. "Mtu yeyote hukosea hesabu. Umekuja, umesema, mimi sina neno na wewe." Akavuta pumzi. "Lakini mama hajui kusoma hesabu. Mama alikuwa ananijua mimi. Kila alfajiri aliniona nakamua. Nilimwosha miguu alipougua. Kompyuta ikasema neno moja, na hakuniuliza mara mbili."

Bwana Imekubali alifungua mdomo arudie kwamba kosa ni lake, lake peke yake, na mama mdogo akamwekea mkono gotini amnyamazishe. Yeye mtakwimu alikuja hapa kujisafisha, na sasa aliona amemleta mama yake avuliwe nguo mbele za watu kwa mara ya pili, na safari hii hakuna kanuni ya kubadilisha.

Mama mdogo akatoka kitini. Akashuka taratibu, goti moja, kisha la pili, mpaka sakafuni, mbele ya binti ambaye angeweza kuwa amemzaa yeye.

"Mwanangu," akaanza.

Katika kukua kwake kote Bwana Imekubali hakuwahi kumsikia mama mdogo akimwomba mtu radhi, kwa kuwa hakuwahi kumkosea mtu. Aliinamisha uso kwenye mapaja yake na kuyaziba masikio, kama mtoto, na bado alisikia kila neno.