Mkufu Uliobaki kwa Mbuzi wa Goweko

Niliondoka Dar es Salaam na hasira, sifichi. Natengeneza vito kwa mikono, na mama mwenye duka anayeniuzia kazi zangu alinitupia mkufu wa kiwandani mezani. "Nitengenezee thelathini kama huu," akasema. "Hayo mambo yako ya kubuni yapumzishe kwanza." Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakukosea. Miezi sita nilikuwa sijabuni kitu. Kila nilichoanza nilikifumua. Nikautia mkufu wake begini pamoja na shanga, nikajipa wiki moja. Nikirudi bila wazo langu mwenyewe, basi, nitanakili mpaka nizeeke.

Kwa nini Tabora? Doto, tunayepanga naye nyumba moja, aliniambia bibi yake kule alivaa sambo, vikuku vyembamba vya waya wa shaba, na kwamba mama yake bado anajua kuvisuka. Nikapanda treni. Reli inafuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya zamani, ila wenzetu walikwenda kwa miguu miezi mitatu na mizigo kichwani, na mimi nilianza kulalamikia kiti kabla hatujafika Morogoro.

Siku ya pili nilipita makusudi kituo cha Goweko, kijijini kwa kina Doto, nikashuka Tabora mjini. Nilitaka kwanza kuona nyumba moja ya zamani ya misafara. Ukutani palikuwa na picha ya wapagazi, na katikati yao mwanamke aliyejaa sambo mpaka nusu ya muundi. Wakubwa wa msafara wote wameandikwa majina.

"Na huyu dada anaitwa nani?" nikamwuliza mwangalizi.

"Huyo hana jina, dada. Ni mpagazi tu."

Mpagazi tu! Nikatoka pale nimefura.

Kesho yake asubuhi nikarudi Goweko kwa basi, nikamkuta Mama Kulwa, mama yake Doto, akipanga majani ya tumbaku barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule Mzaramo? Jamani, funikeni vyungu, mtani kaja!"

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo hizo za misafara, nami si wa kunyamaza. "Nyie si wapagazi wetu? Hebu nibebee begi."

"Tulibeba mpaka kwenu pwani," akanijibu, "tukawakuta mmelala chini ya minazi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mchana, baada ya ugali na mlenda, akaleta waya alioutoa kwenye mota iliyoungua ya mashine ya kusaga. Akafunga singa za mkia wa ng'ombe kwenye kidole gumba cha mguu, akazivuta kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akawa anazungushia waya, mzunguko kwa mzunguko. Mimi fundi wa mjini nikatoa koleo. Singa zikakatika. Nikarudia, zikakatika tena.

"Weka hilo koleo," akasema. "Unang'oa jino?"

Jioni, nimekata tamaa, nikatoa ule mkufu wa duka nianze kunakili. Mama Kulwa akauchukua, akaugeuzageuza.

"Umeubuni wewe?"

"Hapana."

"Umempimia nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ni wa kuuza."

Akainuka, akaenda zizini, akamvisha mbuzi. "Huyu umemkaa vizuri!"

Damu ilinipanda. Lakini mtani akichukua chako hukidai, wala hukasiriki; ukikasirika umeshindwa. "Mama, ule si wangu! Nitafukuzwa dukani!"

"Kasirika basi, nione."

Nikalia, kweli nikalia, sikuona haya. Akaningoja nimalize, kisha akakaa. "Haya, lete mguu. Sambo hufungwa mguuni kwa mwenyewe. Hakuna miguu miwili inayolingana, hata hiyo yako."

Siku tatu nilizungusha waya mpaka vidole vikachubuka. Nilipojua, sikutaka kunakili hata sambo za bibi yake Doto. Ingekuwa utumwa ule ule. Nikaacha mapengo singa nyeusi zionekane, nikatia vipande vya kifuu nilivyobeba kutoka nyumbani. Mama Kulwa akashika kichwa. "Hata kwenye shaba anatia nazi!" Lakini alikuwa wa kwanza kunyoosha mguu.

Jumatatu nilikuwa Dar, dukani.

"Mkufu wangu uko wapi?"

"Kavaa mbuzi," nikasema, nikamwekea kazi zangu mbele yake.

Akakunja uso. "Vikuku? Unajua mwanamke wa vikuku anaitwaje mjini hapa?"

"Bibi wa Goweko alivaa ishirini kila mguu, na kanisani alikaa mbele. Wanaomtukana waje wamtukane mbele yangu."

Akakiinua kimoja, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Akapitisha ukucha juu ya mizunguko ya waya. Nilichojifunza safarini nilikijua pale: sikuwa namwogopa tena. Angeweza kunifukuza, na bado ningeondoka na mikono yangu.

"Hiki," akasema taratibu, "nitengenezee thelathini."

"Sitengenezi thelathini, mama. Vua kiatu nikupime."