Siku Niliyompa Baba Unahodha

Mwanangu, sogea hapa karibu na hita. Mvua haijaacha, nami nina la kukwambia. Katika umri wangu wote ipo siku moja ya mvua nisiyoisahau, na haikunyesha hapa London wala kwetu Unguja. Ilinyesha Alaska. Usicheke. Hata sisi tuliofika nchi hii na masanduku ya kufungwa kwa kamba, tumewahi kupanda meli ya starehe.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, karani wa bima, tai shingoni na kichwa kimejaa upepo. Nilikuwa nimepandishwa cheo, basi nikasema lazima wazee wangu waonje raha. Nikawachukua baba, mama na dada yangu Salma, tukatoka kwetu Walthamstow, hapa London, kwenda kutazama milima ya barafu. Mama alitia chupa tatu za achari ya embe katika begi lake, maana alisema chakula cha Wazungu hakina ladha ya kukumbukwa. Siku ya nne zote zilikuwa tupu, na mlaji mkubwa nilikuwa mimi niliyemcheka.

Baba yangu alikuwa baharia. Mapinduzi yalimkuta yuko safarini, hakuweza tena kurudi Unguja, akaishia London. Kwa miaka kumi na moja alifanya kazi katika meli za abiria, akitandika vitanda vya watu, akisugua vyoo vyao na kuwapelekea chai mlangoni. Kazi hiyo ndiyo iliyotuleta sisi huku na kutusomesha. Sasa katika safari yetu, kila asubuhi alikuwa akitandika kitanda chake mwenyewe kabla mtumishi wa vyumba hajafika, kisha wakisimama mlangoni wakizungumza kama watu waliokua pamoja. Nami nikipita nikijifanya simjui. Naam, mwanangu, nasema kweli yangu.

Jioni moja mimi na Salma tulikaa meza moja na Mwingereza mmoja, mwalimu mstaafu, na mkewe. Wazee wetu walikuwa wakila mapema, kwa hiyo watu wale walikuwa hawajaonana nao. Yule bibi akaniuliza, kwa wema tu, baba yangu alikuwa na kazi gani. Wahenga wamesema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, tena nikaanguka mzima mzima. Nikasema, "Alikuwa nahodha wa meli."

Salma alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikamkanyaga na mimi.

Kesho yake meli ikatia nanga katika mji mdogo wa nyumba za mbao, chini ya mlima ambao hatukuuona kwa ukungu. Ilikuwa siku yetu ya kupanda ndege ndogo tukatazame barafu kutoka juu, lakini mvua iliamkia kunyesha na safari ya ndege ikafutwa. Mama na Salma walichukua mwavuli wakashuka kutembea madukani. Mimi na baba tukabaki kwenye ukumbi wa meli pamoja na nusu ya abiria, kila mtu amenuna na kikombe chake. Baba peke yake alikuwa na furaha. Alikuwa dirishani akiwatazama mabaharia wakikaza kamba kwenye mvua.

Ndipo mwalimu na mkewe walipotuona wakaja. "Nahodha!" mzee yule akamwambia baba kwa Kiingereza, akimpa mkono. "Mwanao ametuambia habari zako."

Baba alinitazama. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayesoma barua mara ya pili kuhakikisha ameisoma vizuri. Kisha akaweka kofia yake sawa, akasema, "Karibuni mkae."

Wakakaa, na wengine nao wakasogea, maana siku ya mvua watu hutafuta hadithi. Wakamuuliza habari za dhoruba, akawaeleza dhoruba alizozijua, na hapo hakuongeza kitu. Nikaanza kupumua. Kisha yule bibi akauliza, "Ulikuwa nahodha kwa miaka mingapi?"

Baba akanitazama mimi kwanza. "Kumi na moja," akasema.

Kumi na moja, mwanangu. Miaka ile ile ya vitanda na vyoo. Alipokirudisha kikombe alikikosa kisahani, chai ikamwagika mezani. Watu walidhani ni uzee. Mimi nilijua ni nini, na nilitamani sakafu ile ipasuke inimeze.

Tuliporudi chumbani alitia udhu, akasali, akakaa juu ya msala wake muda mrefu. Nikamwambia, "Baba, nisamehe. Lilinitoka tu."

"Nimekusitiri," akasema. "Mtu humsitiri mwanawe mbele za watu. Lakini mie, kwa umri huu, nimesema uwongo nikiangaliwa usoni. Nani atanisitiri mie?"

Nikaketi sakafuni mbele yake, naye akaendelea.

"Na si huo uwongo unaoniuma zaidi. Umeulizwa baba yako nani, ukenda kumtafuta mwengine."

Akasema hatapanda tena juu kwenye watu mpaka safari iishe, kwa sababu hawezi kuitwa nahodha akaitika. Zilikuwa zimebaki siku nne. Nilimleta baba yangu mwisho wa dunia nimpe raha, kumbe nimemfungia chumbani. Nililia, mwanangu, na tai yangu shingoni.

Jioni nilikwenda peke yangu kwenye ile meza. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya kutoka mlangoni mpaka mezani ilikuwa ndefu. Nikasema nimesimama: baba yangu, jina lake Salim, hakuwa nahodha, alikuwa akitandika vitanda, na uwongo ulikuwa wangu.

Yule bibi akaweka uma chini. "Sasa mbona na yeye alisema hivyo?"

"Kwa sababu mimi ni mwanawe."

Mumewe naye akaweka uma. Halafu mwalimu akaniambia taratibu, "Basi nenda kamlete baba yako, tule naye."

Ilinibidi nimbembeleze sana, na mama akanisaidia. Alipoingia, mwalimu yule alisimama, akamwita kwa jina lake, Bwana Salim. Na baba akaitika.

Sasa unajiuliza kwa nini nimekuketisha. Juzi wenzako walipokuja hapa, nilikusikia ukiwaambia kwamba mama yako ni daktari. Sikusema neno mbele yao, na sitasema. Lakini mama yako hutoka nyumbani alfajiri kwenda Edmonton, hapa hapa London, kuwaogesha wazee wasioweza kujiogesha, na mikono hiyo ndiyo iliyokulea. Kazi mbi si mchezo mwema, na ile yake wala si mbi. Ukimpa mzazi wako cheo asichokuwa nacho, unamvika kilemba cha ukoka, na unamwambia kwamba kichwa chake bila kilemba hakikutoshi. Hajui bado ulilosema. Siku moja mwenzako atamwita "Daktari" mlangoni hapa, naye atakutazama wewe kabla hajajibu. Usimfikishe hapo. Waambie wenzako mwenyewe, kwa kinywa chako. Utaona haya, na haya zitapita. Zangu zilipita, ila kile kikombe cha baba bado nakiona.

Mungu akupe ulimi mkweli na kifua cha kuubeba ukweli wenyewe, akuzidishie mapenzi kwa mama yako, na akusitiri maisha yako yote pasiwe na mtu wa kulazimika kusema uwongo kwa ajili yako. Amin, mwanangu.