Mabati ya Shangazi

Wakati wa uasi nilifanya kazi mjini Butembo, katika biro, yaani ofisi, iliyopima satelite ambayo ilikuwa haijarushwa bado. Tulichukua picha zilizopigwa na ndege, ordinatere, yaani kompyuta, ikazififisha mpaka zikafanana na zile ambazo satelite ingepiga kutoka juu kabisa. Kisha mimi nilikwenda kwa miguu kuhakikisha kama kilichoonekana kipo kweli. Nyumba tulizitambua kwa mng'ao wa mabati.

Kule Alimbongo, kijijini kwa shangazi yangu, ordinatere haikuona hata nyumba moja. Nilipofika nikakuta watu wote wapo. Walikuwa wameng'oa mabati na kuyazika katika mashamba ya maharagi, ili askari wasiyaibe, nao wakaezeka nyasi.

"Shangazi, ile mashini haibaone," nikamwambia.

"Ni muzuri sana! Basoda nabo bakuwe bipofu kama ile mashini." Akacheka kwa kuwaombea askari upofu, akanichimbia viazi vya kubeba.

Huko biro, mkubwa wangu aliuliza kwa nini satelite ilishindwa Alimbongo. Nani alinituma kujibu? Ningeweza kusema sijui. Lakini nilitaka sifa, mjinga mimi, nikamwonyesha kwenye picha mabaka ya udongo mpya katikati ya maharagi: palipo na baka, pana mabati, na mwenye mabati hayuko mbali. Akafurahi, akaipa satelite alama ya juu.

Picha zile ziliishia mikononi mwa nani, sijui mpaka leo. Mkubwa alinipa mkono wa pongezi, halafu akaupangusa mkono wake kwenye suruali. Kiganja changu kilikuwa bado na udongo wa viazi vya shangazi.