Kiti cha Mama Machozi

Mtaani walimwita Mama Machozi, na jina lilimkaa kama gauni alilojishonea mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, mama wa watoto wakubwa, na alilizwa na harusi, na redio, hata na paka aliyenyeshewa. Alipoteuliwa kuwakilisha wazazi kwenye bodi ya kukagua filamu, wifi yake alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi, watakununulia ndoo."

Bodini alipewa kiti cha mbele, pembeni. Akadhani ni heshima. Ilimchukua muda kugundua kwamba mwenyekiti haangalii filamu, anamwangalia yeye. Akifuta jicho tu, mwenyekiti anaandika, na kipande kile kinakatwa. Kumbe siku zote hizo mkasi ulikuwa uso wake.

Siku hiyo ilikuwa filamu ya mama anayesubiri nje ya gereza, ameshika fulana safi ya mwanawe. Lango halifunguki. Mama Machozi hakutaka ikatwe hata kidogo. Alijibana, akauma ulimi, akakodolea macho vifungo vya shati la karani wa bodi. Wapi. Yule mama alipoikunjua fulana na kuikunja upya, machozi yakamporomoka.

Mwenyekiti akashika kalamu. "Hapo panatoka. Kama dada yetu, mtu mzima, amekuwa hivi, vijana si watachoma mji?"

Mama Machozi hakuzoea kubishana na wenye tai, na kiti kile wengi walikimezea mate. Akapenga kamasi kwanza.

"Mwenyekiti, nimelia, sikatai. Lakini nimempiga nani?"

"Siyo wewe, mama. Tunazungumzia umma."

"Na mimi si umma? Nikitoka hapa nitakwenda kumkumbatia mwanangu, atasema namchafulia shati, basi. Hebu tusomee sheria, pale inaposema machozi ni fujo."

Mwenyekiti akafunua kitabu, akafunua tena, akarudi nyuma. Uchochezi ulikuwamo, fujo zilikuwamo. Machozi hayakuwamo.

Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, akakohoa. "Hata mimi nimelia. Ila mimi nakaa nyuma, gizani."

Chumba kizima kikacheka. Mikono ikainuliwa, na fulana ikabaki ndani ya filamu.

Kikao kilichofuata alikuta kiti chake kimehamishiwa safu ya mwisho, nyuma ya mwenyekiti. Wifi yake aliposikia alikasirika. "Wamekushusha."

"Waache," alisema, akitia kitambaa kipya mkobani. "Huku nalia raha mustarehe."