Mwimbishaji na Vidonge vya Moyo

Kwanza uape hutamwambia mtu. Mimi pia niliapa, ila gazeti si mtu.

Jirani yangu hapa mtaani Baba Dogo, mwimbishaji wa kanisa letu, aliugua homa miezi mingi. Madaktari wakatibu malaria, wakatibu taifodi, homa ikabaki. Mwishowe picha ya moyo ikaonyesha uvimbe kwenye vali, kile kilango cha damu moyoni, na vipimo vya damu vikasema ni kuvu. Kuvu kabisa, kama ya mkate uliosahaulika kabatini. Akapasuliwa, akawekewa vali mpya, akapewa vidonge vya kila siku, pengine maisha yake yote.

"Ukiviacha, kuvu itarudi," daktari alimwonya, "na huenda tusikuwahi."

Kisu hakukiogopa. Kidonge ndicho kinachomshinda, eti kinamchafua roho.

Jumapili akina mama wa kanisa tulienda kumwona. Mkewe akampa dawa mbele yetu. Akaitia mdomoni, akanywa maji, akafuta midomo kwa heshima.

"Umemeza, Baba watoto?"

Akaitikia kwa kichwa. Lakini mimi niliona shavu la kushoto limenenepa ghafla.

"Mwanangu," nikamwambia, "tuanzishie pambio."

Mwimbishaji hakatai pambio mbele ya wageni. Akaanza kuliimba kwa pua, midomo imefungwa.

"Na maneno yake? Sisi wazee hatuimbi kwa pua."

Akafungua mdomo, na vidonge vikatumbukia kwenye kikombe changu cha chai. Mkewe akavitazama vikielea, akaenda kuleta vingine. Safari hii sote tuliinuka vitini tukamchungulia hadi kooni.