Dumu la Figo Nyumbani kwa Wakwe

Mimi nimeshachekwa kwa mambo mengi, nimechekwa kwa kuimba besi kanisani wakati sauti ni ya mbuzi, nimechekwa kwa kuanguka na baiskeli mbele ya wanafunzi wangu, lakini kwa hili nilichekwa na veranda nzima ya hospitali, kwa hiyo nyie mnaotaka kucheka chekeni mapema mmalize, nisimulie kwa utulivu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nafundisha shule ya msingi kule Usevya, nikaanza kuvimba, asubuhi uso, jioni miguu. Walimu wenzangu wakanipongeza kwamba nimenenepa, mshahara umeanza kuonekana mwilini (mshahara upi, Mungu ndiye anajua). Mganga wa zahanati hakunipongeza. Alinibonyeza mguu kwa kidole, kikaacha shimo, akaliangalia lile shimo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mwalimu, hizi naona ni figo," akasema. "Wiki hii bingwa wa figo anakuja Mpanda kwa ndege, anakaa siku mbili anaondoka. Ukimkosa huyo, mwingine umfuate Dar."

Kwa mtu wa Usevya wakati ule, Dar na mbinguni vilikuwa umbali mmoja, ila mbinguni wengi walishafika. Nikapanda lori la mpunga mpaka Mpanda, nikaandikishwa hospitali, na sista mmoja mtu mzima, mwenye sauti ya kuongoza gwaride, akanikabidhi dumu jeupe la plastiki.

"Kesho ukiamka, mkojo wa kwanza umwage. Kuanzia hapo kila tone liingie humu, mchana na usiku, mpaka kesho kutwa asubuhi. Weka mahali pa baridi. Dawa zote unazomeza ziweke kwenye mfuko uje nazo. Na uje na ndugu, maana bingwa akisema maneno mazito peke yako hutayakumbuka."

Maelekezo mepesi kabisa, hata mtoto wa darasa la pili angeyafuata. Shida ni kwamba mimi nilikuwa nimefikia kwa wakwe.

Mke wangu ni mtu wa pale Mpanda mjini, baba yake ni Mzee Katabi, mzee wa kanisa, mtu asiyesema uongo hata kwa mzaha. Kulala gesti wakati wakwe wapo ingekuwa tusi, kwa hiyo nikalala kwao. Sasa mimi ni Msukuma, na nimelelewa hivi: mama mkwe akipita huku wewe unapita kule, mbele yake hukohoi vibaya, hata chooni unaenda kama mtu aliyekumbuka kitu shambani. Na mimi mwenye adabu zote hizo ndiye niliyetakiwa kuzunguka na dumu la mkojo kwenye ua wake siku nzima.

Asubuhi nikaanza kazi. Dumu nikalifunika na koti (jua kali, mtu anaenda chooni na koti mkononi, nani atashuku). Safari ya kwanza salama. Safari ya pili natoka chooni, koti limeteleza, uso kwa uso na mama mkwe ameshika ufagio.

"Baba, hiyo ni nini?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema neno moja tu, vipimo, mambo yaishe. Lakini ulimi wangu, ambao darasani unaeleza mpaka mmeng'enyo wa chakula, ukaona aibu.

"Dawa, mama. Dawa ya figo."

"Ya miti?"

"Ya miti."

Akaliangalia dumu, na kile kimiminika cha manjano ndani yake, kwa heshima kubwa. "Na mgongo inasaidia? Baba yako mgongo unamsumbua sana."

Mtu mwenye akili angesema haisaidii. Mimi nilitaka tu mazungumzo yafe, nikajibu, "Inasaidia vitu vingi, mama," nikapita haraka na hekima zangu.

Halafu nikakumbuka mahali pa baridi. Chumba changu kilikuwa chini ya bati, kinachemka kama sufuria. Nikamuuliza mama mkwe kama dawa yangu inaweza kukaa penye ubaridi, akalipokea dumu kwa mikono miwili akaliweka jikoni, pembeni ya mtungi wa maji ya kunywa. Mwenyewe nikajiona fundi. Kila nilipobanwa nilichukua dumu, nikazunguka nyuma, nikaongeza, nikalirudisha pembeni ya mtungi. "Mbona inazidi?" mama mkwe akauliza mara moja. Nikamwambia inachachuka. Mwalimu wa sayansi, huyo.

Jioni nikaona kama imepungua. Nikajisemea ni macho, ugonjwa umepanda machoni. Lakini asubuhi ya kwenda kwa bingwa nikalikuta limejaa vizuri, na rangi imekuwa nyepesi kabisa, karibu na maji, na mimi, badala ya kujiuliza, nikafurahi. Nikamshukuru Mungu kwamba figo zimesikia bingwa amefika zikaanza kujirekebisha zenyewe.

Ndugu wa kwenda naye akawa baba mkwe mwenyewe. Nilipinga kwa adabu, akapinga kwa adabu zaidi, akavaa koti la Jumapili, akalifunga dumu kwenye keria ya baiskeli yake, tukaenda tunakokota. Njia nzima watu wanamwamkia wanamuuliza amebeba nini, na yeye anajibu kwa fahari, "Dawa ya mkwe wangu, nampeleka kwa bingwa akaione." Mimi nyuma nahesabu mawe ya barabarani.

Hospitali veranda imejaa, watu kutoka Kasansa, Sibwesa, kila mahali, na mlango wa bingwa haukuwa na mlango, ulikuwa na pazia. Bingwa alikuwa mtu mpole, anaongea taratibu, lakini kwenye veranda yote palikuwa kimya kila mtu anasubiri kuitwa, kwa hiyo upole wake ulisikika mpaka kwa muuza mihogo getini. Alinibonyeza miguu, akaangalia macho, akapekua mfuko wa dawa. Halafu akalichukua dumu, akapima, akatumbukiza karatasi yake ya kupimia. Akatumbukiza nyingine.

"Mwalimu, huu wote ni wako?"

"Wangu, daktari."

"Mwili umevimba hivi, halafu mkojo unakuwa kama maji ya bomba. Ama mashine yako imeharibika sana kuliko ninavyoiona kwa nje, ama kuna kitu hapa hujaniambia."

Nyie, kicheko kaeni nacho kidogo. Mimi pale nilikuwa naona kaburi. Nilimwona mke wangu na watoto watatu, nikaona na mahali watakapouweka msalaba. Nikamwambia sijaficha kitu.

Baba mkwe akakohoa.

"Samahani, daktari. Umesema mkojo. Mkojo upi?"

"Huu wa kwenye dumu, mzee."

"Hiyo ni dawa," akasema baba mkwe, taratibu, kama anayemrekebisha mtoto. "Ya miti. Ninaijua, nimeitumia tangu jana. Mgongo umelegea, hata kuinama leo nimeinama. Ndiyo maana imekuwa nyepesi, niliona imepungua nikaongeza maji, mkwe wangu asije akajisikia vibaya kwamba tumemmalizia."

Bingwa akaniangalia. Yule sista wa dumu, aliyesimama pembeni yake, akaniangalia. Mimi nikaangalia kalenda ukutani, yenye picha ya ng'ombe wa maziwa, nikatamani kuwa yule ng'ombe.

"Mwalimu," bingwa akasema, "mwambie mzee."

Niliwahi kufundisha darasa la watoto tisini bila chaki, lakini sijawahi kutafuta neno kama nilivyolitafuta lile. Mwisho nikasema, nimeinamisha kichwa, "Baba, ni mkojo wangu."

Sista akatoka nje mbio, mkono mdomoni. Upande wa pili wa pazia mama mmoja akauliza, "Amesema mzee ametumia nini?" na mwenzake akamjibu, kwa ukamilifu, na hapo veranda ikapasuka. Kuna mtu aliyekuja na mguu uliovunjika alicheka mpaka akaomba ashikiliwe.

Baba mkwe hakucheka, hakukasirika. Alikaa amenyooka na koti lake la Jumapili, akauliza swali moja: "Nitakufa?" Bingwa akamwambia hatakufa, ila asirudie. Kisha akanigeukia mimi, na huo upole wake ulikuwa mbaya kuliko fimbo. Kipimo hakifai. Ndege inaondoka kesho mchana. Nikalete mwingine wa siku nzima, kuanzia sasa hivi, na ukichezewa tena nijipange kwenda Dar.

Tukapita katikati ya veranda na dumu tupu, watu wananipisha njia kama bwana harusi. Karibu na nyumbani baba mkwe akasimamisha baiskeli.

"Mkwe, haya yaishie hospitali. Mama yako asijue."

"Sawa, baba."

Akatazama chini, akapangusa keria kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi.

"Maana yeye amekunywa kuliko mimi."

Mpango mzuri, ila Mpanda ile habari zilikuwa hazisubiri baiskeli. Mama mkwe tulimkuta mlangoni, anajua kila kitu. Alituletea maji ya kunawa, akaweka ugali na samaki, akasubiri nimalize tonge la kwanza, ndipo akaniuliza, bila hasira yoyote, "Baba, na ya leo nayo itakaa jikoni?"

Ilikaa chumbani kwangu, ndani ya beseni la maji, na kila nilipotoka nayo nilitangaza. "Mama, naenda kuweka mkojo." "Haya, baba." Adabu zote za ukoo wangu ziliisha siku ile, na ajabu, hakuna aliyekufa. Kesho yake bingwa akapima, akasema figo zinavujisha lakini zinatibika, akanikataza chumvi na vile vidonge vya kichwa nilivyokuwa natafuna kama karanga, akanipa dawa, na baada ya miezi michache soksi zikaacha kunikata.

Kwa hiyo nimeapa. Siku hizi daktari akinituma kitu, nakitaja kwa jina lake, awe anauliza mkwe, awe anauliza mchungaji. Aibu ya kusema ukweli ingenichoma hatua chache kutoka chooni mpaka jikoni. Hii ya uongo haijaisha, mpaka leo nikishuka Mpanda, wazee wa pale wananiita kutoka barazani, kwa heshima zote, kuniuliza kama safari hii nimekuja na dawa.