Breki za Landrova ya Marehemu Kulmiye

Kulmiye alifariki mwaka 1979, kwa homa iliyomshika njiani akirudi kutoka Merti. Landrova yake iliegeshwa nyuma ya nyumba, mjini Isiolo, na miaka ikapita bila kuondoka. Shemeji wa mjane wake, Abdillahi, alishauri mara kadhaa iuzwe. Mjane, Habsa, alijibu kila mara kwamba bado anafikiria. Mbuzi walifuata kivuli wakalala chini yake, na mkojo wao ukala vyuma pole pole.

Habsa alikuwa mwanamke wa maneno machache. Babu yake alikuja Isiolo akiwa askari wa Mwingereza, akakaa. Watoto na wajukuu wakaingia biashara. Yeye mwenyewe aliuza majani ya chai na sukari katika kibanda karibu na msikiti. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Asho, aliyeolewa na mfugaji wa Korbesa.

Katika ukame wa 1984, dereva wa lori alisimama kibandani akamletea habari. Ng'ombe wa mkwewe walikuwa wamekwisha. Asho alikuwa mjamzito na miguu imevimba, na hakuna lori lililokubali kumchukua mgonjwa juu ya mzigo wa ngozi.

"Narudi huko Jumamosi," dereva alisema. "Nimwambie nini?"

"Mwambie nakuja."

Siku hiyo hiyo alimwendea Huka. Huka alikuwa tanboi wa Kulmiye, msaidizi wake garini, aliyepanda na kushuka naye safari zote, na sasa alitengeneza magari ya watu chini ya mgunga karibu na soko la mifugo. Alisikiliza, akachukua spana zake, akaja.

Injini haikusumbua sana. Huka alisafisha tangi, akaazima betri, na baada ya kukohoa moshi mweusi ikaunguruma. Majirani walitoka kuangalia. Lakini alipokanyaga breki, pedali ilienda mpaka chini kama imekanyagwa hewani.

Akaingia uvunguni, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka hakumtazama Habsa usoni.

"Gurudumu ya nyuma, ya kulia, haina breki, Mama Asho."

"Imeharibika?"

"Imefungwa."

Habsa alijifunga leso kiunoni, akalala chali, akajisogeza chini ya gari. Aliona paipu nyembamba ya breki inayokwenda gurudumu la kulia. Ilikuwa imekatwa, ncha yake ikapondwa kwa nyundo, ikakunjwa mara mbili.

"Nani alifanya hivi?"

"Mzee. Ilipasuka tukiwa Biliqo na spea hakuna. Ukikunja hivyo, zile ingine zinashika."

"Lini?"

"Mwaka moja kabla afariki."

Mwaka huo Kulmiye alikuwa amempeleka Asho Korbesa kwenye harusi yake, na Habsa alikaa mbele, na nyuma walijaa wanawake wakiimba. Alikumbuka mteremko wa laga kubwa, ule mto mkavu wa mchanga, na jinsi Kulmiye alivyoshuka kwa gia ndogo, kimya, jasho likimtoka.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua. Aliniambia nisiseme, utakataa kupanda."

"Ningekataa," Habsa alisema.

Akaingia ndani, akakaa kitandani. Alikuwa na hasira, na mwenye kustahili hasira ile alikuwa kaburini. Alipotoka alimwambia Huka kwamba gari halitaondoka hata kipande kimoja kikiwa kimekunjwa.

Paipu mpya Isiolo haikuwepo. Lakini Rimberia, Mmeru aliyenunua vyuma chakavu, alikuwa na Landrova ya aina ile ile iliyolala ubavu uani kwake. Paipu yake ilikuwa nzima. Nati zilizoishika ndizo zilikuwa zimeganda kwa kutu, kiasi kwamba huoni nati inaishia wapi na paipu inaanzia wapi.

"Nikilazimisha, nati itazunguka na paipu yake, ikatike," Huka alisema. "Tuipe mafuta."

Walichanganya mafuta ya taa na oili. Asubuhi na jioni Habsa alipita uani, akasugua kutu kwa brashi ya waya, akadondosha mchanganyiko ule kwenye kila nati, akagonga kidogo kidogo kwa nyundo ndogo. Abdillahi alimkuta hapo.

"Shemeji, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

Abdillahi alifikiri. "Wanasema uko chini ya gari."

"Ni kweli niko."

Nati ya kwanza ilikubali. Ya pili ilikataa, na pembe zake zikaanza kulika. Huka alitia chuma katika jiko la makaa mpaka kikawa chekundu, akakibandika juu ya nati. Habsa alishika kiungo cha nyuma kwa spana nyingine kisizunguke.

"Unakaza?" Habsa aliuliza alipoona mkono wa Huka unaenda upande usiofaa.

"Nakaza kidogo, ivunje kutu. Halafu narudisha."

Alikaza, akarudisha. Akatia mafuta, akakaza tena. Kikasikika kitu kama mfupa unaoteguka. Habsa alidhani paipu imekatika, akafumba macho.

"Imetoka," Huka alisema.

Walifunga ile paipu, wakabadilisha mipira ya breki iliyokauka, wakatoa hewa kwenye breki mpaka pedali ikawa ngumu. Habsa aliikanyaga mwenyewe, kisha wakasafiri.

Kwenye laga kubwa Huka alisimamisha gari katikati ya mteremko bila kuombwa. Likasimama. Akaachia breki, wakaendelea.

Walimchukua Asho kutoka Korbesa, akajifungulia Isiolo, mtoto wa kike, na uvimbe ukapungua baadaye. Mvua ziliporudi mumewe alikuja kuwachukua. Kabla hawajaondoka, Asho alimkumbusha mama yake jinsi baba yake alivyowashusha salama kwenye ile laga siku ya harusi, dereva hodari asiyetikisika.

Habsa alikuwa akimfunga mtoto mgongoni mwa binti yake. Alikaza fundo.

"Alikuwa hodari," alisema.